Gunia la Kurasa Fifi

Siku mliyoniaga mlinipa kitenge, sufuria na maneno mazuri ambayo nusu yake yalikuwa ya mtu mwingine. Yule mama aliyesomwa pale mbele, mwenye "ubunifu wa hali ya juu katika kupunguza gharama", mimi simjui. Ningekuwa nimekaa naye chumba kimoja miaka yote ile, ningemwona. Ndiyo maana Rehema wa masjala aliponiambia, "Mama Kabula, tuandikie mambo ya kazi kabla hujayasahau," nilikubali. Siandiki kwa sababu ni fundi wa kuandika. Niliishia darasa la nne, na hata hilo la nne nililimaliza kwa sababu mwalimu alichoka kuniona. Naandika ili mjue taarifa fupi ya mwaka mnayojivunia leo ilitoka wapi. Haikutoka kichwani mwa mtu. Ilitoka kwenye gunia.

Ofisi yenyewe siitaji. Aliyefanya kazi pale anaijua, na ambaye hakufanya hapotezi kitu. Ilikuwa wakala wa serikali wa mambo ya mifugo na pamba, hapa Bariadi, na mimi niliingia tukiwa bado chini ya Shinyanga, kabla ya mkoa wa Simiyu kuzaliwa. Niliingia kama mhudumu: ufagio, chai, na kupeleka barua kwa miguu. Siku yangu ya kwanza nilitaka waone wamepata mtu. Nikasafisha kila nilichokiona. Kwenye chumba cha kurudufia nikakuta kitu kama karatasi laini ya bluu, kimejaa wino, kinaning'inia. Nikakifua kwa sabuni ya mche na kukianika kwenye kamba.

Mzee Zakaria, aliyekuwa anasimamia mashine ya kurudufu, alikuja akasimama mbele ya ile kamba kama mtu anayetazama maiti.

"Mwangaluka, ng'wanone," akaniamkia kwa Kisukuma, kama mwanawe.

"Mwangaluka, bhabha."

"Hiyo uliyofua ni hotuba ya Mkuu wa Wilaya."

Kilikuwa stensili. Zamani ulipiga taipu juu ya stensili, ukaifunga kwenye mashine, ukazungusha mpini, karatasi zinatoka zimeandikwa. Ukiifua haitoki hotuba, inatoka supu. Mzee Zakaria hakunipeleka kwa bosi. Alisema mtu mwenye bidii ya namna ile ni hatari kumwacha azunguke ofisini, bora akae mahali anapoonekana. Basi ndivyo nilivyopata kazi ya uchapaji. Wengine walisomea.

Yule mzee alikuwa mpole kwangu na mkali kwa karatasi. Alinifundisha kupepea rimu kabla ya kuipakia ili karatasi zisigandane, na masika kutoziacha sakafuni zikanywa unyevu. Alinifundisha kusikiliza mashine. Ikilia kama mbuzi, karatasi imepinda. Ikinyamaza ghafla, toa mkono kwanza, uliza baadaye. Karatasi iliyoharibika upande mmoja hakuitupa, aliigeuza ikawa ya kujaribia wino. Mimi nikalishika hilo la kutotupa nikampita hata yeye. Alipostaafu, mashine za fotokopi zilikuwa zimeshaingia, na mimi nilikuwa nimekuwa bahili wa karatasi kuliko wote Simiyu. Maafisa walikuwa wanakuja kwangu kuomba karatasi kama wanaomba mke. Nilikuwa nawauliza ya nini, na wakinijibu nawauliza tena.

Sasa, taarifa ya mwaka. Enzi hizo haikutengenezwa kwangu. Ilitengenezwa Mwanza, kwenye karatasi inayong'aa, rangi tupu, nzito kama tofali. Ndani kulikuwa na picha za wakubwa wamevaa suti nyeusi, salamu za mkubwa wa kwanza, salamu za mkubwa wa pili, dira, dhima, mafanikio, na mwisho kabisa, nyuma, sura ya changamoto. Tulizisambaza kata zote. Ipililo niliwahi kuona shule nzima imefunikia madaftari kwa taarifa yetu. Mwamanyili nilikuta imefungiwa dagaa. Dagaa walikuwa wakavu safi, siwezi kusema haikusaidia wananchi.

Halafu likaja agizo kutoka makao makuu: gharama za kutengeneza taarifa ya mwaka zishuke, kila ofisi ione yenyewe itafanyaje. Meneja wetu wakati huo alikuwa Bwana Mhando, mtu wa Tanga, mstaarabu, anayesalimia mpaka chai inapoa. Akatukusanya. Akauliza nani ana wazo. Maafisa wakatazama meza. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni na birika, nikasema, "Leteni kwangu."

"Mama Kabula," akasema Bwana Mhando, "naomba nikuelewe vyema. Taarifa nzima? Hapa hapa?"

"Nzima, mzee. Hapa hapa. Na karatasi zitabaki."

Hilo la karatasi kubaki hakuna aliyeniuliza. Lakini mtu akishaanza kujisifu hujua aishie wapi?

Na kujisifu ofisini peke yake sikuona kunatosha. Jumapili ile nilikwenda Migato kwa wifi yangu Mbuke, mjane wa marehemu kaka yangu. Mbuke alikuwa amebakiwa na ng'ombe wachache, na hao wachache walikuwa wanakufa mmoja mmoja kwa ndigana, ugonjwa unaoletwa na kupe. Josho la Migato lilikuwa na ufa chini. Wakitia maji na dawa leo, keshokutwa vimenywewa na ardhi, ng'ombe wanaogeshwa tope. Kupe walikuwa wamejaa masikioni mwa ng'ombe kama ulezi. Kule kwetu mjane akiishiwa ng'ombe haishiwi maziwa tu, anaishiwa na sauti.

"Wifi," Mbuke akaniambia, "si husema wewe ndiye unayetengeneza kile kitabu cha serikali?"

"Mwaka huu ni mimi mwenyewe."

"Basi tuingize."

Nikamweleza kama mtaalamu. Nikamwambia matengenezo ya mwaka unaofuata huchaguliwa kwenye kikao cha wadau, na kikao huchagua kutoka sura ya changamoto. Ambaye hayumo kwenye sura ile hayupo duniani. Nikamwambia afisa mifugo ameshaliandika josho la Migato, nimeliona kwa macho yangu, na litapita mikononi mwangu. "Lala usingizi," nikamwambia. Mbuke akanichinjia kuku. Nikamla.

Nikaanza kazi. Rangi nikafuta. Karatasi ya kung'aa nikafuta. Kila karatasi ikachapwa mbele na nyuma. Majalada nikayakata kwenye manila za kalenda zilizopitwa na wakati, upande mweupe nje. Gundi ya dukani nikaona ni anasa, nikasema nitapika ya unga wa muhogo. Mpaka hapo nilikuwa naenda vizuri, na nilikuwa nimeshaanza kutembea kwa mwendo wa bosi.

Kilichonishinda ni suti. Mwenye mashine ya fotokopi anajua, weusi ndio unaokula tona, ule unga wa wino, na wakubwa wetu wote walipigwa picha na suti nyeusi mbele ya pazia jeusi. Nikachapa salamu, nikachapa dira, nikachapa mafanikio, na kufika sura ya mwisho mashine ikaanza kutoa maandishi ya kijivu. Mtu mwenye akili angefungua tona mpya. Ilikuwepo kabatini, na ufunguo nilikuwa nao kiunoni. Mimi nikatoa ile ya zamani nikaitikisa kama natikisa kibuyu cha maziwa. Ikatoa kidogo. Nikatikisa tena. Sura nzima ya changamoto ikatoka hafifu, lakini inasomeka ukiisogelea, na mimi nikasema changamoto zenyewe wanazijua, si lazima ziwe nyeusi.

Ikabaki kupanga kurasa. Mafungu ya karatasi unayapanga kuzunguka meza ndefu kwa mfuatano wake, watu wanazunguka, kila mtu anachukua karatasi moja kila fungu, akimaliza mzunguko ana kitabu kimoja. Nikawaita akina mama wa ghala la pamba, maana msimu ulikuwa umeisha na mikono yao ina kasi. Kiongozi wao alikuwa Holo, mwanamke mnene wa maneno machache. Walikuja na wimbo wao wa shambani, wakaanza kuzunguka meza kwa hatua moja, karatasi zinaruka. Nikawaonyesha mara moja, nikawaambia kama bosi: "Karatasi mbovu msiiingize kitabuni. Wekeni pembeni." Nilimaanisha iliyochanika au iliyokunjika. Kisha nikaenda jikoni kupika gundi, maana unga wa muhogo hauachiwi mtu. Ukiacha kukoroga unapata ugali.

Wasiolima pamba niwaeleze kitu hapa. Pamba yetu ina madaraja mawili. Ile nyeupe inaitwa safi. Ile iliyopauka, iliyonyeshewa, yenye majani, inaitwa fifi. Mwanamke wa huku anachambua safi na fifi tangu hajaota meno ya ukubwani. Anafanya anaongea, anafanya ananyonyesha, na fifi haiingii kwenye gunia la safi hata umfunge macho, kwa sababu fifi kidogo inaharibu gunia zima.

Niliporudi na sufuria ya gundi nikakuta vitabu vimepangwa, vimenyooka, vyembamba. Nikashika kimoja nikakipima mkononi. Kilikuwa chepesi kuliko nilivyotarajia. Mtu mwingine angejiuliza. Mimi nikatabasamu. Niliona ubahili wangu umezaa. Nikapaka gundi, nikavisha majalada, nikabana kwa matofali, nikawashukuru akina mama. "Wabeja sana." Wakaondoka.

Asubuhi yake kikao cha wadau kilikuwa kwenye ukumbi hatua chache kutoka ofisini. Madiwani, maafisa, wenyeviti wa vyama vya ushirika, na mgeni kutoka makao makuu, mama mmoja mwenye miwani iliyofungwa mnyororo. Niliweka vitabu kwenye viti mwenyewe. Madiwani wakaanza kuvinusa, maana gundi ya muhogo ilikuwa bado inanukia chakula. Nikarudi chumbani kwangu kufagia, nimeshiba sifa kabla hazijatolewa.

Holo akaja mlangoni, akaniamkia kama mama yake.

"Mwangaluka, mayu. Nimesahau kanga yangu."

"Ipo pale, kwenye kiti."

Akaichukua, akaivaa, akasita. "Na ile fifi tumekuwekea kwenye gunia, nyuma ya mlango. Hatukutupa. Tunakujua hutupi kitu."

"Fifi gani?"

"Karatasi zilizopauka. Si ulisema mbovu tuziweke pembeni? Yale mafungu ya mwisho yalikuwa fifi yote." Akaniangalia kwa huruma kidogo. "Mwaka ulikuwa mbaya huko?"

Gunia lilikuwa limefungwa mdomo kwa kamba, vizuri kabisa, kama linakwenda kwenye mizani. Nikafungua. Sura ya Saba, Changamoto. Nakala zote. Daraja la kuvushia mifugo, ghala linalovuja, na katikati ya ukurasa, kwa maandishi ya kijivu kama majivu yaliyopigwa na upepo: josho la Migato.

Nilikaa kwenye lile gunia. Nilimwona kuku wa Mbuke.

"Holo," nikasema, "nitwishe."

"Twende wote, mayu. Ni zito."

"Nitwishe mimi. Kichwa kilichofanya hili ndicho kibebe."

Nikavuka uwanja na gunia kichwani, Holo nyuma yangu. Mlangoni mlinzi akaniambia mizigo inapita nyuma, jikoni. Nikamwambia si viazi, nikapita. Ndani, diwani mmoja mwenye sauti ya kanisani alikuwa amesimama na kitabu changu juu.

"Mwenyekiti, mimi nimekaa udiwani muda mrefu, sijawahi kuona taarifa ya namna hii. Nyembamba, inanukia, na haina tatizo hata moja. Nimeitafuta sura ya matatizo sijaiona. Maana yake mkoa wetu umepona. Napendekeza fungu la matengenezo tuliombee matumizi mengine. Hata hizi samani za ukumbi..."

Watu wakaanza kupiga meza. Bwana Mhando alikuwa anapekua kurasa za mwisho za kitabu chake mbele, nyuma, mbele, kama mtu aliyepoteza miwani. Akaniona.

"Mama Kabula. Kulikoni?"

"Changamoto, mzee."

"Changamoto gani?"

"Zote. Ziko humu kwenye gunia."

Ukumbi ulicheka mpaka yule mama wa makao makuu akavua miwani kufuta macho. Mimi sikucheka. Nilitua gunia mezani, mbele ya maua ya plastiki, nikawaeleza kama ilivyokuwa: suti, tona, kibuyu, safi na fifi. Sikuficha kitu kwa sababu sikuwa na muda wa kutunga. Nikasema, "Akina mama wamefanya kazi yao sawa. Mwenye kosa ni bahili mmoja, na mnamwona."

"Kwa hiyo hatujapona," akasema diwani, bado amesimama.

"Bado, mheshimiwa. Kaa."

Tukagawa, mimi na Holo, kila mtu karatasi zake. Na kwa kuwa maandishi yalikuwa hafifu, hakuna aliyeweza kusoma akiwa amekaa. Wakainuka, wote, wakaenda madirishani kwenye mwanga. Nimehudhuria vikao vingi kama mtu wa chai, na sikuwahi kuona wadau wakisoma taarifa. Huilalia. Siku ile walisimama madirishani wanasogeza karatasi puani, wanaulizana, "Hili ghala ni la kwenu?" "La kwetu, na hawajaandika paa." Yule diwani wa sauti ya kanisani ndiye aliyesoma josho la Migato kwa sauti, akasoma mpaka mwisho, kisha akasema bila sauti ya kanisani, "Hapo ndipo shemeji yangu anapoogeshea ng'ombe." Mpaka muda wa chai josho lilikuwa limeingizwa kwenye matengenezo. Chai sikuipeleka mimi. Siku ile nililetewa.

Yule mama wa makao makuu alikuja chumbani kwangu baadaye. Nikadhani amekuja kunifukuza, nikaanza kukusanya vikombe vyangu.

"Mama," akasema, "hizi karatasi za gunia ni ngapi kwa kitabu kimoja?"

"Chache. Unazishika kwa vidole viwili."

"Na kile kitabu kingine ni cha nini?"

Nikafikiri. "Ni cha suti."

Akaondoka na zile karatasi. Mwaka uliofuata likaja agizo jipya: taarifa ya mwaka iwe na changamoto mbele, mahesabu yanafuata, basi. Salamu na picha zisichapwe. Gharama zikashuka, na ofisi nyingine zikaiga, na mimi nikapewa cheti cha ubunifu. Nilimwambia Bwana Mhando kwamba ule haukuwa ubunifu, ulikuwa ajali yenye mashahidi. Akasema, kwa ule ustaarabu wake, "Mama Kabula, kwenye cheti hakuna nafasi ya kuandika ajali." Nikakipokea. Kiko nyumbani, nyuma ya kabati, kinazuia panya. Vitabu vya ile gundi ya muhogo vyenyewe panya walivimaliza kabla ya msimu, kwa hiyo naona haki imetendeka pande zote.

Baada ya hapo hata ile fupi tukaacha kuichapa. Ikawa inatumwa kwenye simu. Nilikuwa nimebana matumizi ya taarifa ya mwaka kwa bidii mpaka matumizi yaliyobaki yakawa ni mimi mwenyewe, nimekaa kwenye chumba na mashine iliyofunikwa kitambaa, nachaji simu za maafisa. Ndipo mkaniaga.

Nyie mliobaki nawaachia moja tu la kazi. Mkiona taarifa imekuja nyembamba na nzuri, msifurahi kabla hamjaangalia nyuma ya mlango.

Na mimi mwenyewe sijaacha. Ya mwaka huu ilifika kwenye simu, mjukuu wangu akanifungulia, nikamwambia atafute Migato. Akatafuta juu mpaka chini.

"Haipo, bibi. Hawana tatizo."

Kesho yake nikapanda bodaboda mpaka Migato. Mbuke alikuwa anatoa ng'ombe zizini, ni wengi kidogo sasa, na sauti yake ilinifikia kabla sijashuka.

"Mwangaluka, wifi. Kuna msiba?"

"Mwangaluka. Hakuna msiba. Nimekuja kuangalia josho."

"Josho liko palepale. Kwani kitabu chenu kimesema nini?"

"Kimesema hakuna tatizo."

"Sasa?"

"Ndiyo maana nimekuja."

Akacheka, akanishikia pembe za ng'ombe wa kwanza. Nikaligeuza sikio lake nje, nikavaa miwani, nikatazama ndani kwenye mwanga. Lilikuwa safi. Nikazunguka upande wa pili, nikaligeuza na lile lingine.